Taa ya Mzee Ntakirutimana

Ofisini Kibagabaga, Kigali, Donatille alikuwa na kazi ambayo ukiieleza vibaya watu watadhani ni umbea: kuangalia nani kawasha taa kisiwani. Kisiwa chenyewe kilikuwa mbali, Ziwa Kivu huko, na hakikuwa na hata nguzo moja ya umeme kutoka nchi kavu. Mchana, umeme wa jua ulipasua maji ya ziwa na hidrojeni ikawekwa kwenye matangi. Jua likizama, hidrojeni hiyohiyo ikageuzwa umeme. Kila nyumba ilikuwa na mita, na kila mita ilionekana kwenye kompyuta ya Donatille, namba ikipanda na kushuka.

Mita moja ilikuwa ya baba yake, mzee Ntakirutimana.

Na hapo ndipo ilipokuwa faraja yake yote, maana Kigali ilikuwa imemshinda kuizoea, jamani. Alikulia Karagwe, Tanzania, kabla baba yake hajarudi kisiwani kwao. Kinyarwanda chake kiliwachekesha wenzake, wakamtania mpaka akajifunza kunyamaza. Jioni alirudi chumbani, akapika wali wa mtu mmoja, akala amesimama. Wa kuongea naye Kiswahili cha nyumbani alikuwa amebaki baba tu, na baba mwenyewe simu alikuwa haiwezi: "Haya, mwanangu," basi, amekata. Kwa hiyo alimwangalia kwenye mita. Baba kawasha taa, baba mzima.

Mvua zikaja, mawingu yakagoma kuondoka, matangi yakaanza kupungua. Mkubwa wa ofisi, Mutsinzi, akaja akagusa kioo kwa kidole.

"Hii nyumba iko inawasha taa mchana kutwa. Ni ya nani?"

Donatille aliona aibu. Akatoka nje, akampigia mzee.

"Baba, taa ya mchana ya nini? Utamaliza umeme wa watu! Izime, tafadhali. Nakuona huku."

"Haya, mwanangu."

Namba ikashuka hadi sifuri. Donatille akashusha pumzi. Lakini jioni nyumba zote zikawaka, ya baba sifuri. Kesho yake hivyohivyo, na kesho kutwa. Akapiga simu, haipatikani. Fundi wa kisiwani naye hapokei. Lo! Kompyuta inaona kisiwa kizima, na yeye hajui kama baba yake amekula. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Akaomba ruhusa, akapanda basi kituo cha Nyabugogo, kisha boti.

Alimkuta jua likizama, amekaa kizingitini na koti lake, mzima wa afya, simu imezima mfukoni. Donatille alilia kwa hasira.

"Baba! Nilisema uzime mchana. Nani kakwambia ukae gizani?"

Mzee alijisugua magoti.

"Ulipokuja kufunga hii taa nilikataa, unakumbuka? Nikasema kibatari kinanitosha. Ukaniambia, 'Baba, ukiwasha, mimi nitaiona nikiwa Kigali.' Basi nikawa nawasha. Asubuhi nawasha ujue nimeamka. Mchana naiacha, labda utapata nafasi ya kuchungulia. Uliposema nizime, nikajua umechoka kuniona. Nikasema mtoto ana kazi zake, nisimsumbue."

Maneno yale Donatille aliyasema siku ile ili mzee akubali tu, mafundi wamalize waondoke. Alikuwa amekwisha kuyasahau.

"Baba, mimi kule sina mtu mwingine wa kumwangalia," akasema. "Nakaa nakuangalia wewe siku nzima."

Mzee akainuka taratibu, akaingia ndani, akawasha. Aliporudi, mwanga wa mlangoni ulimwangukia binti yake usoni. Akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Kumbe umekonda hivi," akasema. "Mimi huku nilikuwa sina pa kukuonea."