Mzee Taratibu na Kona ya Mwisho

Mzee Taratibu alifundisha udereva mpaka ikawa nusu ya madereva wa mji ule wamepita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia akicheka ndani ya gari. Gari si ngoma, alikuwa akisema. Na mwanafunzi akiparuza ukingo kisha akasingizia mvua, jibu lilikuwa lile lile: "Hakuna barabara mbaya. Kuna dereva mbaya." Basi, mjadala umefungwa.

Uzee haubishi hodi. Mkewe alitangulia, mguu wa kulia ukaanza kumkatalia breki, daktari akampiga marufuku usukani. Binti yake akamchukua kwake. Alipewa chumba safi na kitanda kipya, na chai alikuwa akiletewa kabla hajaiomba, lakini mzee wa watu alijiona mzigo. Begi lake lilikaa nyuma ya mlango, zipu imefungwa. "Nitarudi kwangu," alisema kila alipoulizwa. Haya, na huko kwake kulikuwa na nani? Kuta.

Kilichomchelewesha ni gemu la magari la mkwewe. Mkwe huyu alikuwa kinyozi, na zamani alikuwa mwanafunzi wake, tena yule aliyeambiwa lile neno la dereva mbaya mara nyingi kuliko wote. Siku moja alimwekea mzee padi ya kuchezea gemu mkononi. "Hapa breki ni kidole tu, baba. Mguu upumzike."

Weee! Mzee alirudi barabarani. Kabla ya kila kona alinong'ona, "Kioo, ishara, kioo," akapunguza mwendo, akaibana kona kwa ndani na kutoka bila tairi kulia hata kidogo. Kulikuwa na kivuko cha waenda kwa miguu katikati ya njia, na mzee, mashindano yamepamba moto, alipunguza mwendo pale ili watu wa kuchorwa wavuke! Na bado alishinda kila siku.

Alishinda kwa sababu kinyozi hakuja kushindana, alikuja kujifurahisha. Kila kona yeye alivuta hendibreki, gari likaserereka ubavu ubavu, moshi tele, naye akapiga kelele "Oyaaa!" mpaka akaingia kwenye uzio.

"Unaua tairi za watu," mzee alinung'unika.

"Tairi za gemu haziishi, baba. Jaribu siku moja uone utamu wake."

"Mimi? Na mvi zote hizi?" Lakini kidole chake kilishaanza kukipapasa kile kitufe cha hendibreki. Alikiondoa upesi, kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sukari.

Jumapili moja baada ya chakula begi lilionekana sebuleni. Binti aliliona, machozi yakamlengalenga, akaingia jikoni asionekane. Kinyozi akajikuna kichwa.

"Baba, mbio moja tu. Ukishinda, nakubebea begi mimi mwenyewe mpaka kwako, na hakuna atakayekubembeleza tena. Nikishinda mimi, begi linarudi chumbani, na linafunguliwa."

"Unajua nani hushinda humu ndani."

"Najua, baba."

"Basi vaa viatu kabisa."

Wakaanza. Kona ya kwanza, kinyozi hakuserereka. Alishika breki mapema, akabana ndani, akatoka safi. Ya pili vilevile. Hakuna moshi, hakuna oyaaa. Sebule ilikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Mzee alikuwa mbele bado, ila kwa kiasi kidogo mno, na kwenye kivuko alipopunguza mwendo, kidogo hicho kikawa kidogo zaidi. Alitupa jicho pembeni. Mkwewe alikuwa ametoa ulimi nje, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni.

Huyu mtu anataka nibaki kweli, mzee aliwaza. Tena akagundua kwamba anazitamani zile kelele, na mwenye kelele ameketi hapo hapo kando yake. Kimya kama hiki ndicho kilichokuwa kinamngoja kwake.

Kona ya mwisho ikaja. Kioo. Ishara. Kidole kikavuta hendibreki.

Gari likageuka ubavu, moshi ukajaa skrini, na sauti ambayo nyumba ile haijawahi kuisikia ikapasuka: "OYAAAA!" Likazunguka kama pia, likajikita kwenye uzio. Kinyozi akapita, akamaliza, wala hakukumbuka kushangilia, maana mzee alikuwa anacheka mpaka amejishika mbavu, machozi yanamtoka.

Binti alikuja mbio na mwiko mkononi. "Baba! Kuna nini?"

Mzee alijifuta macho, akakohoa, akakaa sawa kama mkaguzi.

"Barabara ilikuwa na utelezi," alisema.

Kwenye skrini jua lilikuwa linawaka, lami kavu kabisa. Kinyozi aliitazama lami ile, akamtazama mwalimu wake.

"Kweli, baba. Utelezi mtupu."

Kisha akanyanyua begi, akalipeleka chumbani. Zipu ilisikika mpaka sebuleni ikifunguliwa.

"Ukimaliza njoo turudie," mzee alimwita. "Hiyo hendibreki nimeivuta mapema. Wewe huwa unaivutia wapi?"