Juu ya Mti na Wimbo

Katika chuo chetu hapa Texas, ibadani hakuna kinanda wala gitaa wala ngoma. Babu zetu waliamua kwamba Mungu ametupa koo la kuimbia, na koo hilo linatosha. Kwa hiyo kila asubuhi ukumbi mzima huimba kwa sauti tupu, na kiongozi husimama mbele peke yake na kifilimbi kidogo cha kutafutia sauti. Akianzia chini mno, besi wananguruma kama trekta bovu. Akianzia juu mno, Mungu amsaidie.

Mimi nasomea muziki, na asubuhi ile zamu ilikuwa yangu. Dakta Vandiver, mwalimu wa kwaya, alikuwa anatafuta mwanafunzi wa kuongoza nyimbo katika ziara yetu ya makanisa, na tulikuwa tumebaki wawili: mimi na Garland Pruitt, ambaye ninakaa naye chumba kimoja. Pruitt aliongoza jana yake na hakukosea hata chembe. Niliitaka nafasi ile mpaka chakula kikanishinda.

"Kula, bwana," Pruitt aliniambia mezani, huku akimwagia mkate wake mchuzi mweupe wa soseji. "Ukianguka pale mbele na njaa, watasema nimekuloga."

"Nikupe na wangu?"

"Lete. Mwenye hofu ni wewe, siyo mimi."

Niliposimama mbele nilipuliza kifilimbi, kikatoa sauti sahihi kabisa. Lakini moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha, watu wote wale macho kwangu, nami nikaanza juu zaidi ya pale kifilimbi kilipoonyesha. Juu sana.

Wakaitikia. Jamani, waliitikia! Nywele zilinisimama, na kwa mistari miwili hakukuwa na mtu mwenye raha kunishinda Texas nzima. Kisha nikaona wasichana wa soprano wanatazamana. Kiitikio cha wimbo ule hupanda, na kutoka pale tulipokuwa, kingetokea paani.

Wako viongozi ambao wangekaza shingo hivyo hivyo, liwalo na liwe. Mimi niliinua mkono, ukumbi ukanyamaza.

"Ndugu zangu, nimewapandisha juu ya mti," nikasema. "Kosa langu. Tushuke kabla hajaumia mtu."

Kicheko kililipuka mpaka kule nyuma. Nami nikacheka, kisha nikaitafuta sauti mpya kichwani, nisiione. Masikio yalikuwa yananivuma. Kifilimbi kilikuwa mkononi mwangu, na nilikisahau kabisa. Kicheko kilianza kuisha, na jasho likanitoka.

Hapo mtu wa safu ya tatu akavumisha sauti moja, nzito, iliyonyooka. Ilikuwa yenyewe. Nikamwona Pruitt, amefumba macho, kidevu kifuani. Angenyamaza tu, ziara ingekuwa yake.

Nikaidaka ile sauti, nikainua mikono, wimbo ukaondoka. Safari hii hakuna aliyesubiri kuongozwa. Walioketi walisimama, waliokuwa wanasinzia wakaamka, na kiitikio kilipofika kila mtu alikifikia, hata wale ambao hufungua midomo tu kwa adabu. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, wala sikuona haya.

Ibada ilipokwisha, Dakta Vandiver alitusimamisha mlangoni.

"Tackett, ziara ni yako."

Sikuamini. "Dakta, ile sauti ilikuwa ya Pruitt. Mimi nilikuwa nimepotea."

"Nina masikio, kijana." Akamgeukia Pruitt. "Jana uliimba vizuri mno, na watu wakakusikiliza. Leo watu waliimba. Hata wewe, uliyekuwa unaomba mwenzio aanguke."

Pruitt alijikuna shingo. Kuikosa ziara kulimuuma, na niliona kunavyomuuma.

"Nilikuwa naomba, Dakta, sikatai," alisema. "Lakini wimbo ulikuwa umeshanishika."