Uwanja Uliofagiliwa

Alama za fagio zilikuwa bado mbichi ardhini, zimepinda kwa pamoja kama nywele zilizotoka kuchanwa. Nilisimama langoni na mafaili yangu kifuani, nikautafuta mlima wa chupa. Haukuwepo. Palipolala taka za majuma matatu palikuwa na viti sita vya kuazima, na ua la plastiki ndani ya kopo.

"Msomi wetu, mbona umesimama kama mlingoti?" Mama Mizani, mpimaji uzito wa kikundi cha wanawake wachambua taka, alinicheka. "Ingia. Leo hata kiatu hakichafuki."

"Chupa ziko wapi?"

"Tumemuuzia dalali jana, ulipokwenda kuchapisha makaratasi yako. Katupunja, lakini kabeba zote."

Mama mdogo alitokea nyuma ya kibanda, mkono kiunoni, amevaa gauni lake la kuendea harusini. "Sasa mwanangu," aliniambia taratibu, "mgeni aje kwangu nimkalishe juu ya taka?"

Ombi la ufadhili, lililowaleta wageni hao, nililiandika kwa miezi miwili. Mfuko mmoja wa fedha ulitafuta "ubunifu", yaani njia mpya za kurejeleza taka za mijini, nami niliuandikia kurasa kumi na nane kuhusu wanawake kumi na wawili wanaochambua plastiki kwa mikono, na mashine moja ya kuisaga. Plastiki iliyosagwa hununuliwa na kiwanda moja kwa moja. Dalali anabaki kupiga miayo. Hayo niliyaandika. Sikuandika kwamba mashine niliitaka kwa ajili ya mgongo mmoja. Chupa nzima ni hewa tupu, na hewa ile mama mdogo aliibeba kwa magunia yaliyomzidi kimo, safari tano kwa siku. Zikisagwa, magunia matano yangekuwa moja. Daktari alishamkataza kubeba. Yeye alimjibu, "Basi njoo unibebee wewe."

Kosa lilikuwa langu. Niliwaambia akina mama siku ya kuja wageni, nisiwaambie wageni wanakuja kuona nini.

Walikuja watatu. Bwana mwenye daftari aliuzunguka uwanja, akapiga picha ya ardhi tupu.

"Hizo taka mnazochambua ziko wapi?"

"Hamna hata moja!" alijibu mama mdogo, uso uking'aa.

Wageni walitazamana. Bwana yule akanigeukia. "Dada, wewe ndiye uliyeandika ombi. Kuna kazi inayofanyika hapa, kweli?"

Jibu nilikuwa nalo lote. Lakini kulitoa kulimaanisha kusema, mbele ya mama mdogo na gauni lake, kwamba fagio lake ndilo lililotuharibia. Alikuwa ananitazama, akijitahidi kunyooka.

"Ndiyo," nilisema, kwa sauti ndogo hata bwana akaniomba nirudie. Nikarudia. Aliandika neno moja au mawili, akafunga daftari.

Barua ilikuja baada ya mwezi: hawakuona ushahidi wa kazi inayoendelea. Niliandika maelezo, nikapiga simu mara mbili. Muda wa maombi ulikuwa umepita. Tangu hapo nimeandika maombi mengine manne, na siku hizi nikifika penye neno "ubunifu" naenda kwanza kunywa maji.

Siku ya barua nilimkuta ameketi juu ya gunia, akibandua karatasi za chupa kwa kisu kidogo.

"Wamesemaje?"

"Hatukupata, mama."

Kisu kilisimama. Alikitazama kana kwamba ndicho kilichosema.

"Na uwanja je? Waliuona?"

"Waliuona. Wameandika kwamba hawakuona taka hata moja."

"Si nilikwambia," alisema, akatikisa kichwa kwa kuridhika kidogo.

Kisha akashika goti, akainuka. Nilishika upande mmoja wa gunia, naye upande wa pili. Halikuwa zito. Lilikuwa pana tu, na ilitubidi kupumzika mara mbili kabla ya kufika langoni.