Mbeba Gogo wa Mnarani

Mwaka wa themanini na nne daraja la Kilifi lilikuwa bado halijajengwa. Kila gari lililotoka Mombasa lilishuka mteremko wa Mnarani likangoja feri. Meza yangu ilikuwa pale mteremkoni, mkono wa kushoto ukiteremka, chini ya kibanda cha makuti. Niliuza korosho nilizozichoma mwenyewe na kuzifunga kwenye karatasi za daftari, na maembe mabichi ya chumvi na pilipili.

Nilikaa pale miaka kumi na miwili, na lori likiwa bado juu konani, sijaliona, nilikuwa nikijua linakujaje. Lililo katika gia nzito hunguruma kwa kukereka, kama ng'ombe anayevutwa mkia. Lililotiwa fri, yaani dereva ametoa gia akaliacha lijiendee kwa uzito wake, halingurumi. Utasikia magurudumu tu, shhh, kama mtu anayepepeta mchele.

Mkwe wangu Garama, mume wa binti yangu Mapenzi, alikuwa utingo katika lori la Mbaruk, tajiri wa Malindi. Miaka tisa alisafiri na dereva wake, Ochola, mtu wa Ziwa, mnene, asiyepita pangu bila neno.

"Mama Mapenzi, korosho zako ngumu kama moyo wa tajiri wangu!"

"Basi lete meno, usilete mdomo mtupu," nami humjibu.

Kazi ya utingo pale ilikuwa moja. Lori likifika kwenye kibao cheupe, kilichosimama juu kidogo ya meza yangu, Garama huruka chini na gogo la mkoko, akaenda mbio kando ya gurudumu la nyuma, akili yote iko hapo, ili lori likisimama alizuie. Akinipita huniamkia, uso kaugeuza upande wa bahari: "Shikamoo, mama." Nami huitikia nikitazama korosho zangu. Kwetu Wagiriama mkwe ni mtu wa kuonea haya. Hamtazamani, hamketi pamoja, na neno likiwapo hupitia kwa binti.

Garama alitaka leseni ya lori. Shule ya udereva ilikuwa Mombasa, miezi mitatu, na utingo akiacha lori miezi mitatu atakuta mwingine kakalia kiti chake. Siku moja Ochola akamwambia huku akitafuna, "Shule ya nini, bwana? Watakupa vigari vya mbao uvisukume juu ya meza. Mimi nakupa lori zima."

Na kweli akampa. Njia ya vumbi ya Jilore hadi Malindi, lori likiwa tupu, Garama akashika usukani. Akajua kurudi nyuma kwa kutazama kioo, akajua kutoka mchangani bila kuchimba shimo. Ochola alikuwa na mazoea yake: kila mteremko hutia fri, dizeli isiishe, na tajiri akampenda kwa hilo. Garama akayachukua yote kama alivyoyakuta. Ila kwenye mteremko wa feri Ochola hakumwachia usukani hata siku moja. Pale gogo lilikuwa na mwenyewe, naye ni Garama.

Akaenda kujaribiwa, mahali tambarare, lori halina mzigo. Akapita. Mapenzi alikifunga kijitabu chekundu cha leseni kwenye pembe ya leso akaniletea. Mimi niliishia darasa la nne, lakini jina la Garama nililisoma herufi moja moja, nikarudia. Tulichinja jogoo. Yeye alikula barazani na wanaume, mimi jikoni, na nilimsikia akicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mwezi haukwisha, Ochola akaitwa kwao kwa msiba, asirudi. Mbaruk akampa Garama lori, na gogo akapewa kijana Kazungu.

Safari ya kwanza niliisikia kutoka juu. Shhh. Nikangojea kibao cheupe. Maana Ochola naye alikuja kwa fri, lakini akifika pale, kabla mteremko haujawa mkali, gia ilikuwa ikiingia, kroo, injini ikalishika lori, likaanza kunguruma. Kila safari, miaka tisa. Garama hakutia. Alishuka kwa breki peke yake hadi majini, na harufu ya kuungua ikabaki mezani pangu.

"Shikamoo, mama," alisema dirishani, uso upande wa bahari.

"Marahaba."

Nikakaa nikifunga korosho, nikifikiri, hata nikaelewa. Kwenye kibao ndipo Garama alipokuwa akiruka na gogo. Mkono wa Ochola ukitia gia, yeye yuko chini anakimbizana na gurudumu. Mtu wa gogo haulizi injini inasema nini.

Jioni nikamwambia Mapenzi. Akashika kiuno.

"Mama, wewe umeendesha nini maishani? Mkokoteni?"

"Mwambie tu, mwanangu. Kwenye kibao, atie gia."

Kesho yake akaja na jibu. "Nimemwambia. Kacheka. Kasema breki ni mpya, na mama mkwe aangalie korosho zisiungue."

Nikaendelea kufunga korosho. Ningeweza kusimama njiani nikamwambia kwa kinywa changu. Nilifikiri watu wangesemaje, na yeye angeuficha wapi uso wake. Akapita tena, na tena, na mzigo mwepesi. Nikaanza kujiambia labda mimi ndiye mjinga.

Alhamisi moja asubuhi, baada ya manyunyu, alibeba saruji, magunia hadi juu ya mbao za ubavuni. Feri ilikuwa imefika, abiria wanapanda mteremko na vikapu vyao. Nikaisikia ile shhh kutoka konani, na ilikuwa ya haraka mno. Nikaiacha meza. Lori likafika kwenye kibao, Kazungu akaruka na gogo lake akaachwa nyuma.

"Garama!" Nilimwita kwa jina lake. "Tia gia! Garama, gia!"

Akanitazama. Miaka yote ile sikuwahi kuyaona macho yake. Nikasikia gia ikisaga, krrr, krrr, inakataa, maana lori lilishakimbia kupita kiasi. Akawaona watu wa feri. Akakata usukani kulia, akalipiga jabali la kando ya njia.

Saruji ilitanda hata hatukuonana. Nilimfikia kwa kupapasa mlango. Usukani ulikuwa umemkaa kifuani.

"Mama," akasema, "gia imekataa."

"Najua, baba. Usiseme."

Hakusema tena. Hakuna aliyeumia ila yeye.

Siku ya saba ya hanga, yaani matanga ya Garama, waombolezaji wakiondoka, Mapenzi alikuja kuketi karibu nami jikoni. Leso alikuwa nayo, na kijitabu bado kiko kwenye pembe yake.

"Alipita mara ngapi tangu ulipojua?"

"Mara saba."

"Mbele ya meza yako."

"Mbele ya meza."

"Na mara zote alikuamkia."

"Aliniamkia."

"Ukaitikia."

"Nikaitikia."

Akainuka, akaenda kukosha masufuria.