Ngamia Arobaini wa Kulow

Viatu vya Barwaqo vilikuwa havimwingii tena, kwa hiyo alivaa ndala za mumewe, Kulow, naye Kulow akaja mjini peku. Walikaa kwenye benchi la hospitali tangu saa moja asubuhi, mama wa watu miguu imemvimba hata ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Figo zake zimekufa. Mara mbili kwa wiki lazima mashine imsafishe damu, na mashine yenyewe iko palepale, nyuma ya mlango wa kijani. Juzi alirudishwa kwa sababu ya bima. Muuguzi alisema wazi kwamba akikosa na leo, maji yatamfika mapafuni.

Kulow aliendesha pampu ya kisima cha serikali, barabara ya Elwak, miaka ishirini na tisa. Miaka yote hiyo bima ilikatwa kwenye mshahara, na hakuugua hata jino. Akastaafu. Kadi ya zamani ikafutwa, akaambiwa ajisajili upya kama mtu asiye na mwajiri: ajibu maswali, kompyuta ipime uwezo wake, kisha alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Maswali aliulizwa mwezi uliopita, na hapo ndipo alipojimaliza. Paa la nini? Mabati. Choo? Cha shimo. Ngamia wangapi? Sasa, kando yake alikaa Abdisamad, kaka yake Barwaqo, aliyetoka Bute kuja kumwona dada yake mgonjwa. Mwanamume gani wa huku atafungua mdomo mbele ya shemeji yake aseme hana hata ngamia mmoja? Ukame uliwamaliza wote, na Kulow aliwaficha wakwe aibu hiyo. Akataja idadi aliyokuwa nayo siku alipoposa.

"Arobaini," akasema, na Abdisamad akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Kompyuta nayo ikaridhika, ikamwandika tajiri. Malipo iliyomdai yangemeza pensheni yake ya miezi minane.

Leo alikuja bila shemeji, ili aseme kweli. Karani wa bima alikuwa yuleyule aliyemuuliza maswali, Kioko, mtu wa Machakos, mpole, asiyeinua sauti.

"Hiyo ngamia imekufa yote," Kulow alimwambia kwa sauti ya chini. "Wallahi, hata moja hakuna."

"Mzee, kuongeza mifugo naweza mimi. Kupunguza ni chifu. Apige picha ya boma, aitume kwa simu yake ya kazi."

Kulow akaomba mkewe aingizwe kwanza, picha ifuate. Kioko akasema ingekuwa ni yeye angemwingiza sasa hivi, lakini jina lisipokubaliwa na kompyuta muuguzi hana ruhusa ya kuwasha mashine. Alisema kwa huruma, kisha akamwita anayefuata.

Basi Kulow akamwacha Barwaqo na binti yao Naimo, akapanda gari la kurudi kijijini, mwendo wa saa nzima. Loo, jua lile, na yeye peku! Chifu Nunow hakukataa. Walifika kwenye boma. Ua wa miiba umeanguka, ndani samadi iliyokauka na ndoo iliyotoboka. Nunow akapiga picha. Simu ikajibu: picha haikubaliki, mnyama haonekani. Akapiga ya pili, akapiga ya tatu. Jibu lilelile.

"Hii kitu inataka kuona ngamia," Nunow alisema.

Alikuwa akipita jirani yao, Bare, na ngamia wake aliyebeba maji. Nunow akamwomba amwazime Kulow ngamia huyo dakika mbili tu. Mzee wa watu akasimama katikati ya boma lake tupu, kamba ya ngamia wa mwenzake mkononi, akiona aibu mpaka masikio yanamwaka. Safari hii simu ikakubali.

"Alhamdulillahi," Kulow akasema. "Soma, chifu."

Nunow akausoma ujumbe kwa sauti.

"Ngamia mmoja amethibitishwa. Tuma picha za thelathini na tisa waliobaki."

Bare akanyoosha mkono kudai ngamia wake. Kulow hakuiachia kamba. Mfukoni simu yake ilikuwa ikiita. Ni Naimo, kutoka hospitalini. Ikaita mpaka ikakatika, ikaanza tena.