Manukato ya Chiriku

Haya, kaeni niwatege. Nina mgeni hana miguu, hapigi hodi, hali wala hanywi. Akiingia ndani, mwenye nyumba anamtambua, lakini akitaka kumshika mkono amtoe nje, hamwoni. Ni nani? Mkishindwa msinipe mji. Mji wa kufanyia nini? Kwa hasira niliyonayo nitauchoma moto. Sikilizeni tu, mtamjua wenyewe.

Nina mabinti wawili. Mkubwa anafundisha shule, na hata nyumbani tunamwita Mwalimu, maana alianza kutusahihisha kabla hajaajiriwa. Mdogo tunamwita Chiriku, kwa ajili ya mdomo wake. Huyo alikuwa anapiga pasi kwa dobi, chumba cha nyuma chenye dirisha la kuelekea barabarani, na aliyepita kwenye dirisha lile hakukosa kutaniwa. Fundi viatu wa jirani alikuwa anaacha gundi inakauka kwa kumsikiliza.

Chiriku ana manukato yake. Ukimkaribia unapata kwanza tunda, pasheni iliyopasuliwa sasa hivi. Mkikaa naye kidogo tunda linaondoka, ua linashika zamu, waridi na asmini kwa pamoja. Mimi niliyapenda siku ile ile alipoyaleta. Mwalimu alifungua dirisha, akasema hiyo ni harufu ya mtu anayetaka atazamwe.

Sasa kuna mkwe wangu, mume wa Mwalimu. Ni karani wa mahakama, mtu mpole mpaka anakera. Kazini kwao lazima avae shati jeupe. Na Mwalimu, Mungu amsaidie, anapiga pasi kama anayefuta ubao: huku na huku, haraka haraka, kola inabaki na makunyanzi. Mwanamume mwingine angesema. Wangu huyu hakusema. Akawa anayatia mashati kwenye mfuko, asubuhi anayapitisha kwa Chiriku, jioni anayachukua yamenyooka, na akamwomba sana shemeji yake dada mtu asijue. Chiriku akakubali, kwake ulikuwa mchezo. Hata Mwalimu alipomuuliza kama amemwona shemeji yake mitaa ile, alijibu kwamba hajamtia machoni siku nyingi.

Basi Mwalimu akafungua kabati kupanga nguo. Akashika shati la mumewe, na kwenye kola ikatoka pasheni, na nyuma ya pasheni waridi. Mgeni wangu huyo, mmeshamjua. Ni harufu.

Hakumuuliza mumewe. Hilo naomba mlishike vizuri, maana hasira yangu yote imekaa hapo.

Alikuja kwangu Jumapili mchana, tumemaliza kula, Chiriku anaosha vyombo. Akatandaza lile shati mezani kama anavyotandaza karatasi ya mtoto aliyefeli. Akaingia chumbani kwa mdogo wake bila hata kugonga, akarudi na boksi la manukato, akavaa miwani. Kumbe ubavuni pana maneno, madogo kama sisimizi, mimi sikuwahi kuhangaika nayo. Akatusomea: "Kwa mwanamke mchangamfu, mwepesi wa moyo, asiyeogopa kutamaniwa." Akarudia tena polepole, kama anayesomesha imla.

"Umesikia, Mama?" akaniambia. "Hata walioyatengeneza wanamjua."

Akaanza kuhesabu makosa ya mdogo wake tangu utoto: kucheka na wapita njia, kucheza kwenye harusi za watu asiowajua, kumwita mkuu wa shule mpenzi kwa utani. Nikamwuliza hayo yanahusiana vipi na shati. Akasema yanahusiana sana.

Chiriku alisimama na povu mikononi. Nilingoja mdomo ule ufunguke, maana ni mdomo wa kujibizana hata na redio. Alijifuta, akavaa viatu, akamwambia dada yake, "Twende kazini kwangu."

Wakatoka, mmoja mbele, mwingine nyuma, hawatazamani. Mimi nikawafuata na goti langu bovu, nawatukana wote wawili kimoyomoyo. Kwa dobi Jumapili hawafungi, kila mtu anataka nguo ya Jumatatu. Tukaingia chumba cha nyuma. Mvuke umejaa, nguo zimetundikwa kwenye waya toka ukuta hadi ukuta. Chiriku akashusha koti la daktari, akamsogezea dada yake puani. Anuse. Akashusha sare ya polisi. Anuse na hiyo. Akashusha gauni la bibi harusi, akashusha kitambaa cha meza cha hoteli. Zote pasheni, zote waridi.

"Huyu daktari nimemchukua lini?" akauliza. "Na polisi? Na hii meza, Dada, mke wake ni nani nikamwombe radhi?"

Wenzake wakaangua kicheko, walipomwona uso wakakimeza.

Akachukua chupa ya kupulizia maji, ile wanayolainishia nguo kabla ya pasi, akaipuliza kwenye mkono wa Mwalimu, pasheni ikatoka. Ndipo nikaelewa. Kola iliyovaliwa miaka, hata uifue vipi, pasi ya moto ikiigusa jasho la zamani linapanda, na mpiga pasi analivuta kutwa nzima, jasho la watu asiowafahamu. Chiriku alichoka nalo. Akawa anadondoshea manukato yake kidogo kwenye maji ya chupa, ili naye akipumua apate kitu chenye uhai. Hakufikiria kabisa kwamba kile kitu kinaondoka na nguo kwenda kulala kwa watu.

Dobi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Pale kwake ana sharti analolirudia kila siku, kwamba nguo itoke hainuki kitu, kwa sababu nguo inayonuka inaulizwa maswali huko iendako. Akaichukua ile chupa, akaimwaga kwenye sinki, akamwambia Chiriku avue aproni. Hakufoka. Afadhali angefoka.

Mnaona? Ili asafishe jina lake mbele ya ndugu yake wa tumbo moja, mwanangu alilazimika kuitoa kazi yake kwa mkono wake mwenyewe. Akaikunja aproni, akainyoosha na kiganja kama kawaida yake, akaiweka mezani.

"Dada, nijibu kitu kimoja," akasema. "Kilichokuleta kwangu ni harufu, au ni mimi?"

Mwalimu akasema samahani. Nikamwambia pale pale kwamba samahani si jibu.

Mkwe wangu alikuja jioni ile, akaungama habari za kola, machozi yanamtoka. Nikamwambia hasira yangu haijamfikia bado, apange foleni. Mwalimu naye akaanza safari zake. Leo ameleta kitenge, kesho ameleta habari kwamba shuleni wanatafuta mtu wa jikoni. Siku moja akaleta chupa mpya ya manukato, ya kahawia, inanuka mbao. Alisema muuzaji amemhakikishia ni ya mwanamke mtulivu, mwenye heshima zake. Chiriku akaipokea, akaiweka dirishani haijafunguliwa. Dada akija anamwamkia, shikamoo, marahaba, basi. Fundi viatu akafunga safari mpaka kwangu kuuliza kama mtoto anaumwa.

Na yale manukato yake akaacha kuyapaka. Nyumba yangu ikabaki inanuka sabuni ya mche. Hapo ndipo nilipofura kweli.

Mwalimu alipokuja tena, amebeba madaftari ya kusahihisha, nilifunga mlango wa mbele, nikaweka kiti hapo hapo nikakaa. Chiriku alikuwa chini, anachambua mchele. Nikaitwaa ile chupa ya mbao dirishani, nikaitumbukiza kwenye mkoba wa mwenyewe. Nikamwambia, mtoto wa darasani kwako akiulizwa akakaa kimya unampa sifuri. Leo hutoki humu hujajibu.

Akavua miwani. Chiriku hakuinua uso, lakini mkono ulisimama juu ya ungo.

"Ni wewe," Mwalimu alisema. "Ingekuwa harufu ya mwalimu mwenzangu, ningemuuliza mume wangu, angeniambia habari za kola, tungecheka. Lakini ni wewe. Tangu utoto, watu wakija hapa wananiuliza niko darasa la ngapi, halafu wanauliza uko wapi. Niliponusa lile shati nililia, sikatai. Ila kabla sijalia, mdogo wangu, nilifurahi."