Kuni za Bibi Koti

Mti wa Bibi Koti ulikufa miaka mingi kabla ya Bibi Koti mwenyewe, na kwa ukaidi wa kutoanguka sijui nani alimzidi mwenzake. Ulisimama mwisho wa uwanja nyuma ya nyumba, mkavu, bila gome wala jani, na kila mwenye shoka pale mtaani aliwahi kuutolea macho. Bibi naye alishinda mlangoni pa jiko lake, ameketi juu ya kigogo kilichong'aa kwa kukaliwa, kavaa koti zito la kiume hata jua la saa saba likiwaka. Ukimwomba walau tawi moja, alikujibu bila kuinua uso, "Ule nauwekea baridi yangu." Watu walicheka, wakaenda zao.

Baadaye Bibi akazikwa. Haukupita muda, upepo ukaulaza mti uwanjani, na mpwa wake aliyerithi nyumba, bwana mwenye haraka zake, akaja kubisha hodi kwa jirani wa ukuta mmoja. Jirani huyo alikuwa fundi wa mabomba, na mtaani walimwita Fundi Bomba.

"Fundi, nitengenezee mabomba kabla sijaleta wanunuzi. Ufunguo huu hapa. Na ule mti ukiutaka, chukua bure. Ila chukua wote. Sitaki kurudi nikute hata kijiti."

Kama kuna mtu aliyelihitaji neno "bure" msimu ule, basi ni Fundi Bomba. Mkewe alikuwa ametoka hospitali na mtoto njiti, binti mdogo mno, mikono yake myembamba kama vidole vya babake. Muuguzi aliwaambia wazi kwamba mtoto hana mafuta mwilini ya kujikinga. Ashinde kifuani kwa mama, chumba kiwe na joto mchana na usiku, na moshi asiuonje kabisa. Baridi ilikuwa imeshaingia, na umeme ulikatika ulivyopenda. Fundi alikuwa na jiko la chuma alilolichomelea mwenyewe, lenye bomba la kutolea moshi ukutani, kazi aliyojivunia kuliko zote. Lakini jiko bila kuni kavu ni pambo tu. Kuni za mti mgumu zikikatwa mbichi hutaka mwaka mzima zikauke, na mtoto wake hakuwa na mwaka wa kusubiri. Mti mgumu uliokufa ukiwa wima, ukakaushwa na jua miaka yote hiyo, ulikuwa bahati ya mtende.

Alimwita shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mwenye msumeno wa mashine na mdomo usiojua kupumzika. Siku nzima walifanya kazi. Shemeji alikata shina vipandevipande kwa kipimo cha mdomo wa jiko, Fundi akapigilia kabari kwa nyundo kubwa mpaka kila kipande kikapasuka. Mara kwa mara alichukua kuni mbili akazigonganisha. Kuni mbichi hutoa sauti nzito, iliyokufa. Hizi zililia ti, ti, kali na safi, na kila zilipolia Fundi alitabasamu peke yake.

"Marehemu mzee wetu alikuwa na utaratibu wake," alisema Shemeji akifuta jasho. Babake, mkwe wa Fundi, alikata kuni maisha yake yote. "Kuni za kupewa bure, mzigo wa kwanza unauacha mlangoni kwa mwenye mti. Ndipo uchukue zako."

"Mwenye mti yuko makaburini, shemeji. Nimpelekee huko pamoja na kiberiti?"

"Mimi nakwambia alivyokuwa akifanya mzee."

"Na mwenye nyumba kasema nisibakize hata kijiti. Nimsikilize nani?"

Wakacheka, wakajaza toroli. Uwanja ulipobaki mweupe, jicho la Fundi likaangukia kile kigogo cha mlangoni. Alikigonga kwa kisogo cha shoka, kikalia vizuri kuliko kuni zote. Tamaa ikamshika.

"Hicho ni kiti," Shemeji alisema, na safari hii hakucheka.

"Kilikuwa kiti. Sasa ni kuni."

Lakini kigogo kilikataa kabari. Kilikuwa na vifundo hata nyundo ikaruka mikononi. Basi Fundi akakibeba kizima, akakiweka uani kwake kiwe cha kupasulia kuni. Jioni hiyo tayari kilikuwa na majeraha ya shoka.

Moto wa kwanza ulishika kwa kiberiti kimoja. Hakuna moshi, hakuna kutatarika, ndimi ndefu za rangi ya chungwa nyuma ya mlango wa jiko. Mke alikaa karibu, mtoto kifuani chini ya kanga na blanketi, wakangoja joto. Joto halikuja. Fundi alipunguza hewa, akaongeza hewa, akakagua bomba lote kwa mkono mpaka ukutani. Mwisho akaweka kiganja juu ya chuma, pale ambapo siku nyingine angeacha ngozi yake. Kilikuwa na uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa.

"Fundi wangu," mkewe alisema, akijitahidi kutania, "jiko lako lina moto wa picha."

Aliongeza kuni. Moto ukawaka vizuri zaidi, na chumba kikazidi kuwa baridi. Usiku kucha mke hakumtoa mtoto kifuani, na asubuhi alisema neno moja tu, "Miguu yake." Fundi aliishika. Ilikuwa baridi kama spana iliyolala nje.

Alitoka uani kuchukua kuni nyingine, akakuta rundo lina pengo. Alilipanga kwa mikono yake, anajua alivyolipanga. Alimlaani mwizi wa kuni za mtoto mgonjwa, kisha akachukua chaki ya kazini akatia alama kwenye ncha ya kila kuni. Kesho yake pengo lilikuwa limekua. Na alipokuwa amesimama pale akiwaza amshike nani uchawi, alisikia upande wa pili wa ukuta, kwenye nyumba iliyofungwa, mtu akigonganisha kuni mbili. Ti. Kimya. Ti, ti. Alikuwa anachagua.

Fundi hakuwa mwoga, lakini hakuingia siku ile. Aliingia siku iliyofuata, mchana, na mfuko wa vifaa begani, akijiambia anakwenda kutengeneza bomba la jikoni kama alivyoagizwa. Mlango ulikuwa umefungwa vilevile, kufuli na kutu yake. Alipofungua, joto lilimpiga usoni. Kuta zilikuwa za moto. Vioo vya dirisha vilitoka jasho. Kwenye jiko la zamani la Bibi kulikuwa na jivu jipya, na katikati ya jivu kipande cha kuni ambacho hakikumalizika kuungua, kina alama ya chaki yake. Vumbi la sakafuni halikuwa na unyayo hata mmoja ila wake. Mlangoni, pale kigogo kilipokuwa kikikaa, palibaki duara safi lisilo na vumbi. Fundi alifunga mlango, akarudi kwake, akamweleza Shemeji kila kitu.

Siku ya mvua ya baridi, alasiri, umeme umekatika, mtoto alikataa kunyonya. Mke alimfunua kidogo, mumewe na kaka yake wamwone. Midomo ilikuwa imeingia rangi ya bluu, na kifua kilipanda kwa mbali, kikashuka, kikakaa bila kupanda muda ambao baba hapaswi kuuhesabu.

"Gari," mke alisema. "Kaka, katafute gari twende hospitali."

Shemeji alitoka mbio kwenye mvua bila hata viatu. Hospitali ilikuwa mbali. Fundi aliutazama moto wake mzuri usio na faida, akahisi hofu, na chini ya hofu hiyo aibu. Alielewa moto huo ulikuwa ukimpasha nani. Akatoka uani, akakikumbatia kigogo, uzito wake wote, akarudi mlangoni.

"Nifuate," alimwambia mkewe. "Usiniulize. Mfunike kichwa."

Aliufungua mlango wa jikoni kwa Bibi Koti. Alikiweka kigogo kwenye duara lake, na kikakaa sawasawa, hakikuyumba. Alirudi kwake mbio, akaleta kuni kifua tele, akaziweka mlangoni zote. "Mzigo wako, bibi," alisema. "Nimechelewa." Hakuona haya kuongea na chumba kitupu. Mke alikuwa ameshakaa sakafuni kando ya jiko, macho kwa mtoto. Jiko lilikuwa linawaka. Hawakuwa wameliwasha.

Walipongoja kidogo tu, rangi ilirudi midomoni, ikashuka mashavuni. Mtoto alipiga chafya, akatafuta ziwa, akanyonya kwa nguvu ambayo hajawahi kuwa nayo. Mke alilia kwa sauti. Fundi alilia pia, akageukia ukuta, na ukuta ulikuwa na joto.

Gari lilipofika, walimbeba mtoto kumpeleka hospitali. Hatua moja nje ya mlango alikuwa wa bluu. Walirudi ndani akawa mwekundu. Walijaribu tena, mke akiomba kwa sauti ya chini, na mara hii pumzi ilisita kabisa mpaka walipovuka kizingiti kuingia. Dereva aliyaona yote mawili kwa macho yake. Aliwasha gari akaondoka bila kuaga.

Muuguzi alikuja mwenyewe baada ya hapo, akampima mtoto pale pale jikoni, akasema anaongezeka vizuri, waendelee hivyohivyo. Mpwa naye alileta wanunuzi. Wale waliingia wamevaa mashati, wakatoka wakijikumbatia na meno yakigongana, wakisema ni nyumba ya barafu, na mpwa mwenyewe alipuliza vidole vyake akishangaa familia ya fundi ilivyokaa humo inatoka jasho. Mwishowe alichoka. "Kaeni," alisema, "angalau mnaitunza." Wakahamia, wao na godoro lao na masufuria yao, ukuta mmoja tu kutoka kwao.

Sasa kila asubuhi Fundi Bomba hupasua kuni kwanza, mabomba baadaye. Mzigo wa kwanza huuacha mlangoni. Amejifunza kugonganisha kila kuni kabla ya kuileta, maana yenye unyevu huikuta imetupwa nje uwanjani. Shemeji humsaidia, lakini haingii ndani. Mke ameacha kuuliza lini wataweza kutoka na binti yao kwenda hata sokoni. Anamwimbia, anamwogesha, anasema anashukuru, na ni kweli anashukuru.

Leo asubuhi Fundi aliingia na kuni mikononi, mkewe akiwa bado amelala chumbani, akakuta godoro dogo la mtoto liko tupu. Kisha akasikia kicheko. Binti yake, ambaye shingo ndiyo kwanza inakaza, ambaye kukaa hajui, alikuwa amekaa wima juu ya kigogo, mgongo umeegemea hewa, anacheka akitazama juu, kama watoto wanavyomtazama mtu aliyewapakata.

Fundi hakukimbia. Angekimbilia wapi, na mtoto hawezi kuvuka kizingiti? Alipiga magoti, akamchukua binti yake taratibu, na wakati wa kumwinua mkono wake ukagusa kigogo. Upande aliokalia mtoto ulikuwa na joto. Upande wa pili, wa nyuma, mpana, ulikuwa na joto zaidi, joto la mtu aliyekaa hapo muda mrefu na hana nia ya kuondoka.

"Shikamoo, bibi," alisema.

Akamrudisha mtoto pale alipokuwa, akaenda kuongeza kuni.